Macho Mekundu Kwenye Foleni ya Malori

Miezi mitatu mume wangu alikuwa Zambia na lori lake, nami hapa Tunduma nikinusa shati lake kila jioni kama mwehu. Redio nayo haikuwa na kingine ila ugonjwa: homa, macho mekundu, kaa mbali.

Juzi alifika kwenye foleni ya malori mpakani, na kwa kuwa dereva haachi gari, nikampelekea wali kwenye hotpoti. Akashuka kunipokea, macho mekundu kama pilipili. Shujaa mimi nikarudi nyuma, nikapiga yowe la kumwita mhudumu wa afya. Foleni nzima ikageuka.

Mhudumu akampima. "Homa hana, dada. Kaka, macho yamefanyaje?"

Mume wangu akajifuta uso.

"Nimelia," akasema taratibu. "Nilimwona mke wangu anakuja na hotpoti."