Mikono Niliyoipandisha Kutoka Ziwani

Nimekosa. Sitaki mnionee huruma, na wale mtakaonitukana mkishasoma, tukaneni tu, nimeshajitukana zaidi yenu. Nilikosa kwa makusudi, akili zangu zikiwa timamu, na aliyeaibika kwa ajili yangu ni mzee ambaye hakuwahi kunikosea hata siku moja.

Jina langu sitaji, na kijiji sitaji. Kipo kwenye mteremko ule kati ya milima ya Mbinga na Ziwa Nyasa. Nyuma ya jiko langu, asubuhi isiyo na ukungu, naliona ziwa lote kule chini. Nikigeuka, naona kahawa ya wakwe zangu imepanda hadi juu kabisa. Mimi ni Mnyasa wa ufukweni, niliolewa na Mmatengo, na mume wangu ni marehemu.

Kuolewa mlimani si mchezo. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakiniita Mama Usipa, kwa vile vidagaa vya ziwani kwetu. Nikikosea kulima yale mashimo yao ya ngolo, wananicheka, eti shamba silo nyavu. Nilicheka nao. Moyoni nilikuwa nawachukia, na chuki ile niliilea vizuri kuliko hata nilivyolea kuku wangu.

Mtu mmoja tu hakunicheka, baba mkwe wangu.

Kwa wasiojua, mzee huyu bado anaendesha sengu kama walivyofanya baba zake. Wanaume wa ukoo wanakula pamoja uani kwake, kila mke wa ukoo anapeleka chungu chake, na shauri lolote linazungumzwa hapo baada ya kula. Chungu chako kikiliwa, wewe ni mtu wa pale. Mume wangu alipofariki walikuwepo waliosema nirudi kwetu ziwani. Mzee hakubishana nao. Matanga yalipoisha aliuliza tu chungu changu kiko wapi. Kikaletwa, akala cha kwangu kabla ya vingine vyote, na kuanzia hapo akawa anaanza na cha kwangu siku zote. Wale wasemaji wakanyamaza.

Sasa sikilizeni nilivyomlipa.

Serikali ilipokuwa inapanga mipaka upya, vijiji vya katikati kama chetu tukaulizwa tunataka nini. Tubaki wilaya ya mlimani, au tuhamie wilaya ya ziwani? Mkutano mkuu wa kijiji upige kura, majibu yapelekwe juu. Jamani, mtu asikudanganye kwamba mambo ya mipaka ni ya wakubwa tu! Kijiji kilipasuka. Wenye kahawa hawakutaka kusikia habari za ziwa, kwa sababu ushirika wao, mabwana shamba wao na ofisi wanazozizoea zote ziko Mbinga. Wenye pikipiki, wenye biashara za samaki, akina mama wanaoteremka hospitali ya chini, hao walitaka ziwa. Watu wakaacha kusalimiana. Hata jumuiya yetu ya sala iligawanyika, wa mlima wakawa wanasali nyumba moja na wa ziwa nyumba nyingine, na wote wanamwomba Mungu yule yule awakomeshe wenzao.

Mimi nilikuwa mstari wa mbele upande wa ziwa. Nilisema hospitali, nilisema barabara. Uongo. Nilitaka hawa waliokuwa wakinicheka siku moja wapange foleni kwenye ofisi za kwetu, wahudumiwe na ndugu zangu, waone inavyokuwa kuwa mgeni. Hiyo tu ndiyo ilikuwa sera yangu.

Mkutano uliangukia siku ya gulio. Siku hiyo watu wa ufukweni wanapanda na mizigo ya usipa na mbasa kuja kuuza. Nilimtumia kaka yangu salamu kwamba apande na watu anaowaamini, na wakishauza wasiteremke, waje kusimama nyuma yangu mkutanoni. Nikinyoosha mkono, wanyooshe.

Nani angewauliza? Vitongoji vyetu viko mbalimbali, sura zote huwezi kuzijua, na kura ilikuwa ya mikono hewani, inahesabiwa haraka haraka jua likichoma. Wakaja. Walikuwa wachache tu, hawakufika kumi. Niliponyoosha nilisikia nyuma yangu mashati yakisuguana, nikajua mikono imepanda. Ziwa likashinda kwa kura chache sana. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Hazikupita siku nyingi, wifi yangu akaanza. Huyu ni dada wa marehemu mume wangu, analima kahawa kwenye shamba la baba yake, na ulimi wake ni mkali kama wangu, ndiyo maana hatukuwahi kupendana. Akazunguka nyumba kwa nyumba akisema kura irudiwe. Anasema aliona sura asizozijua zikinyoosha mikono, tena upande niliosimama mimi.

Nilimrukia. Nilikwenda kila palipo na watu, kisimani, gulioni, nje ya kanisa baada ya misa, nikawauliza kama kura nayo ni ugali wa kurudishwa jikoni uive tena. Mmeshindwa leo mnataka ya pili, mkishindwa ya pili mtataka ya tatu, si tutakufa tumenyoosha mikono? Watu walicheka, wakanipigia makofi. Nilisema anayekataa matokeo anawadharau wenzake waliopiga kura.

Na niwaambie ukweli, maneno yale hayakuwa ya kijinga. Kuna watu wazima wenye akili wanayasema na wana haki ya kuyasema. Mimi sikuwa nayo. Aliyewadharau wenzake waliopiga kura nilikuwa mimi, na nilipiga kelele kuliko wote ili nisiulizwe.

Lakini niliulizwa. Baba mkwe aliniita kwenye sengu, jambo ambalo si la kawaida kwa mwanamke. Nikapiga magoti pembeni. Walikuwa wamemaliza kula, chungu changu kiko kitupu mbele yake. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, amefunga mikono.

"Mama," mzee ndivyo anavyoniita, "wifi yako anasema walikuwepo watu wa ziwani kwenye ile kura. Mwenye watu wa ziwani hapa ni wewe. Walikuwepo?"

"Hapana, baba."

Basi. Maneno mawili. Ningeweza kulia pale pale, ningekiri, ningefokewa na mambo yangeishia ndani ya ukoo. Nilimtazama mzee aliyenitunza nikamwambia hapana, baba.

Akageukia wanaume akawaambia yameisha. Kesho yake akapanda hadi kwenye mkutano wa kijiji, na yule si mtu wa kusemasema, akisimama hata watoto wananyamaza. Akasema amemuuliza mkwe wake, mkwe wake amesema wageni hawakuwepo, na yeye anaweka heshima yake hapo. Hoja ya kura ya pili ikafa. Mwenyekiti akafunga mkutano.

Haikuishia hapo. Mzee akaona binti yake amenichafua bila sababu, akamwambia aniombe msamaha mbele ya sengu. Wifi alipiga magoti. Mwanamke mtu mzima, mwenye wajukuu, alipiga magoti mbele yangu kwa kusema kweli. Akasema naomba unisamehe, wifi, labda macho yangu hayaoni vizuri.

Na mimi je? Nilimwacha kwanza pale chini. Nikashika kitenge, nikajifanya nafuta machozi, nikavuta muda ili wote wamwone. Ndipo nikasema nimekusamehe. Mimi! Nikitaka kujichukia usawasawa, nakumbuka kile kitenge.

Karatasi zilikwenda juu, zikakaa huko. Maisha yakaendelea. Nikaanza kuamini kwamba nimeponea.

Siku ya kupokea mahari ya binti yangu ndugu zangu walipanda kutoka ziwani. Chakula kilikuwepo, pombe ilikuwepo, na mashemeji wakaanza utani kama kawaida. Hawa wanasema wavuvi hawajui kulima, wale wanasema wakulima wanaogopa maji. Kaka yangu alikuwa amekunywa. Akasimama katikati, kikombe mkononi.

"Nyie watu wa mlima msijigambe," akasema. "Hata wilaya tuliwachagulia sisi. Dada alinyoosha mkono, na sisi nyuma yake tukanyoosha."

Watu wakaangua kicheko. Kaka naye akacheka, hakujua amefanya nini. Wifi hakucheka. Mzee aliweka kikombe chake chini taratibu, akaniangalia, na mimi nikaangalia sufuria.

Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Wageni walipoondoka alinifuata jikoni, akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, baba.

"Nilimpigisha magoti mwanangu," akasema, akatoka.

Hilo ndilo neno pekee aliloniambia juu ya jambo lile mpaka leo.

Alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti. Kwenye mkutano alivua kofia, akasema alikipotosha kijiji, kwamba alisema jambo asilolijua kama vile analijua, na anaomba kura irudiwe. Jina langu hakulitaja. Kila mtu alilijua, lakini yeye hakulitaja. Halafu akamgeukia binti yake akamwomba msamaha, mzee wa umri ule, mbele ya watoto waliopanda miti kuchungulia. Wifi alilia, akasema kaa chini, baba, kaa.

Nilikuwepo. Ningeweza kusimama niseme ni mimi, mwacheni mzee. Miguu ilinigomea. Naisingizia miguu! Nilikaa kwa sababu ni mwoga, andikeni hivyo.

Safari hii kura ilipigwa kwa vitongoji, watu wa kila kitongoji wamesimama na mwenyekiti wao anayewajua. Mimi sikunyoosha. Niliona mkono wangu nilikwisha kuutumia.

Na sasa nisikilizeni vizuri. Ziwa likashinda tena, tena kwa wingi kuliko mara ya kwanza, bila Mnyasa hata mmoja kutoka chini. Wifi yangu, niliyemtangaza kuwa hakubali kushindwa, aliangalia mikono ya upande wa pili mpaka ikahesabiwa yote. Akatikisa kichwa, akasema haya, ni wengi kweli. Akachukua jembe lake akaenda shambani. Hakuomba ya tatu. Wengine wa mlima nao vivyo hivyo, walinung'unika, wakapeana mikono na wenzao, na Jumapili ile jumuiya ikasali nyumba moja.

Kumbe walitaka kuhesabiwa tu. Kumbe ningewaacha wahesabiwe toka mwanzo ningepata kila nilichokitaka, na uso wangu ningebaki nao. Nilidanganya kwa ajili ya kitu ambacho tayari kilikuwa changu. Nimekaa na hilo jikoni kwangu, na sijaona namna ya kulimeza.

Sikufukuzwa, msije mkadhani. Shamba sijanyang'anywa. Nikisema shikamoo, baba, mzee anaitikia marahaba, na mwanangu akiumwa ndiye wa kwanza kuuliza. Wifi pia ananisalimia, kwa sauti ile ya kumsalimia mtu wa benchi la pili kanisani usiyemjua jina.

Wewe unayesoma, huenda kwenu nako kuna kura iliyowagawa, ya kijiji, ya ushirika, ya kanisa, hata ya nchi nzima, na wenzako wanaomba irudiwe. Sikwambii ukubali, wala sikwambii ukatae. Yapo ya kurudiwa na yapo ya kuachwa. Ila kama damu inakuchemka mtu akisema tu tuhesabu upya, nenda kwanza kajifungie ndani ujiulize ni nini unachokificha. Ukikikuta, toka ukakiseme wewe mwenyewe, kabla hajatokea mtu anayekupenda akasimama kukitetea. Usimwache asimame.

Chungu changu bado napeleka sengu kila jioni. Nafunika kwa jani la mgomba, nafunga kwa kamba. Mzee anakipokea kwa mikono miwili, anashukuru, anakiweka pembeni, na kwa kuwa yeye hakigusi, wengine nao hawakigusi. Leo nilipika mbasa mkubwa, samaki ambaye mzee alikuwa akimpenda kuliko nyama. Nimerudishiwa chungu sasa hivi, kimejaa, na fundo la kamba ni lile lile nililolifunga mimi.