Upande Mpana wa Tundu

Haya ninayoyaeleza yalitukia kweli, tena yalitukia mchana, jua likiwa utosini, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Tassia. Sikuwa nimesinzia, sikuwa na homa, na kileo sikijui. Nilikuwa karani wa serikali hadi nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za mikutano, na anayenijua atakuambia kwamba sikuandika neno nisilolithibitisha. Isipokuwa neno moja, nalo ni “nje”.

Baada ya kustaafu nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya wapangaji wa jengo letu. Mwenyekiti ndiye mwenye duka hilo. Asubuhi moja kioo kikubwa cha duka kilikutwa na tundu dogo, kiasi cha punje ya hindi. Mwenyekiti alitangaza kuwa limetobolewa kwa jiwe la manati, na kwamba aliyelirusha ni Mutua, mchonga vijiko na vinyago, aliyekuwa akikaa ng'ambo ya barabara, ubavuni mwa kibanda cha mboga cha Mama Akinyi. Yeye na mwenyekiti walikuwa wamegombana siku nyingi juu ya vumbi la mbao. Nikaandika: “Kioo kimetobolewa kutoka nje.” Nikaongeza, maana mimi ni mtu wa kina, kwamba chembe za kioo zilikutwa zimetapakaa barazani. Zingatia hilo, msomaji. Niliuandika ushahidi kwa mkono wangu mwenyewe nisiuone.

Mutua alinijia kabla ya kikao. Alikuwa mtu wa Kitui, mpole, nguo zake zikinukia mti wa mhugu. Hakupaza sauti. Alisema, “Mzee, wewe gusa tu kioo. Kidole kitakwambia.”

Nilimjibu kuwa kamati haifanyi kazi kwa vidole. Wajumbe waliokuwa karibu wakacheka, nami, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba nimewachekesha.

Kikao kikapitisha, akaondolewa. Pale kando ya barabara ndipo wateja walipomjua. Alikohamia Kware, katikati ya maghorofa yasiyopitisha jua, hapakuwa na aliyemwuliza mwiko. Haikupita miezi mingi tukasikia kwamba ameugua kifua, kisha kwamba amefariki. Mwili ulisafirishwa kwao. Barua ya rambirambi ya kamati niliiandika mimi. Ilikuwa barua nzuri, yenye vituo vyake vyote.

Sasa sikia. Kamati iliamua tundu lizibwe badala ya kubadilisha kioo kizima. Nilimpigia simu fundi wa vioo nisiyepata kumwona, tukapatana saa sita mchana. Saa sita kamili, duka likiwa limefungwa kwa chakula, akatokea mtu mwenye kofia na kitambaa cha kuzuia vumbi usoni. Nikamkabidhi daftari la wageni, kwa kuwa hakuna fundi anayegusa jengo letu bila kujiandikisha. Akaandika, akanirudishia, nami nikalifumba bila kulisoma. Ndiyo, mimi huyo huyo, mtu wa kina.

Alisafisha tundu kwa brashi ndogo. Kisha akalipuliza, pumzi fupi mara mbili, kama mtu anayetoa vumbi la mbao katika kinywa cha kijiko. Je, umewahi kuitambua pumzi ya mtu? Mimi niliitambua. Nikainua macho kutazama kioo. Kilionyesha kibanda cha Mama Akinyi na mafungu yake ya sukuma wiki. Kilinionyesha mimi na tai yangu. Yeye hakuwamo.

Akanishika kidole cha shahada kwa mkono baridi unaonukia mhugu, akakipeleka kwenye tundu. Ukingo wa upande wetu ulikuwa umemeguka, mpana, umbo la kisahani.

“Kitu kikipita kwenye kioo,” akasema, “huingilia mlango mwembamba, hutokea mlango mpana. Mpana uko wapi, mzee?”

“Nje,” nikasema.

“Basi andika.”

Akadondosha gundi ang'avu kama maji, ile inayogandishwa na jua, akaifunika kwa kipande cha plastiki, akangoja, kisha akaikwangua kwa wembe. Nilivua miwani niifute jasho. Nilipoivaa tena, nilikuwa peke yangu. Simu ikalia. Alikuwa fundi wa vioo, akiniomba radhi kwamba kazi imemshika Mathare na atafika kesho.

“Mzee, leo umeamua kukihubiria kioo?” Mama Akinyi akaniuliza kutoka ng'ambo.

Nilivuka barabara. Hakuwa ameona fundi yeyote. Lakini mimi niliona kitu: katika mwimo wa kibanda chake, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, palikuwa na msumari, nao umetundikiwa magazeti ya kufungia mboga.

“Huo?” akasema. “Niliukuta hapo wiki ile ya maneno ya kioo. Nikasema Mungu amenikumbuka, nilikuwa sina pa kutundika.”

Ulikuwa msumari wa ile bunduki ya kupigia misumari ambayo mwenyekiti alikuwa akiwaonyesha wateja wake wiki hiyo. Ulitoka dukani, ukapenya kioo, ukapita karibu na sikio la Mutua. Nasi tukamhukumu yeye.

Nilipofungua daftari nilikuta mwandiko wa pole pole. Jina: Mutua. Anakotoka: Kware. Anayemtaka: Katibu. Sababu ya kuja: Kusahihisha.

Niliomba kikao cha kusahihisha kumbukumbu. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu iliyonichoma kuliko tusi: “Katibu, zilisomwa, zikathibitishwa, zikapitishwa. Si wewe uliyetufundisha kwamba zikishapitishwa haziguswi?” Nilijiuzulu papo hapo. Sentensi yangu ingali ndani ya jalada lao, na sahihi yangu chini yake.

Fundi wa kweli alikuwa amefika kesho yake kama alivyoahidi kwenye simu, akakizunguka kioo, akaniuliza tundu liko wapi. Nikamlipa nauli yake, akaenda zake.

Tangu siku ile niliposhikwa, kidole changu cha shahada hakina mistari. Nilipokwenda kuhakikiwa pamoja na wastaafu wenzangu kwamba ningali hai, mashine ya alama za vidole ilikikataa. Binti aliyekuwa akituhudumia alikigeuza huku na huku. “Mzee, hapa hakuna kitu,” akasema. “Ni kama nimeshika kioo.”

Nawe unayeandika majina ya watu katika vitabu vya kamati, usiandike “nje” kabla hujaweka kidole chako mwenyewe. Ukikawia, uliyemwandika atakuja mwenyewe kukishika.