Wa Kwanza Kwenye Mashine

Mimi nimejitengeneza mwenyewe, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini. Darasani sikukaa sana. Nimebeba marobota ya pamba kwenye kiwanda cha ginari, nimechimba dhahabu Geita kwa sururu, nikarudi Samuye na mashine ya kusaga, injini yake na kinu chake. Wenzangu niliochimba nao walirudi na redio. Sasa mtu kama mimi nani amfundishe biashara? Hivyo ndivyo nilivyokuwa nasema, mpaka nikaletewa bwana mmoja mshauri.

Alitumwa kutoka mjini Shinyanga, kazi yake kuwashauri wenye biashara ndogondogo. Alinikuta pabaya. Zilikuwa enzi za dizeli ya kibali, hupati lita bila karatasi ya serikali, na wateja walikuwa wananikimbia. Asubuhi nzima injini inanguruma, maana nikiizima watu wanadhani dizeli imeisha, lakini kinu kitupu. Wanawake wamekaa kando ya ukuta wanasukana nywele, madebe ya mahindi pembeni. Jua likipanda wanajitwika madebe yao, haooo, kwa jirani yangu ng'ambo ya barabara, mwenye mashine kuukuu inayokohoa kama mzee wa ugoro.

Nikaamua dawa ni injini kubwa zaidi. Ili niipate ningeuza maksai wangu wote wa kulimia, na mnunuzi alikuwa ameshakuja kuwapapasa migongo.  

Kwa yule mshauri nilitaka kitu kimoja tu: aandike kwamba injini yangu haitoshi, nipate kibali cha kununua nyingine. Basi. Hakuigusa hata injini yenyewe. Alikwenda kukaa kando ya ukuta na wanawake, akanunua karanga, akala. Nikimwuliza neno, ananirudishia swali. Nikamwambia wateja wanakimbia kwa sababu mashine ni ndogo. Akaniuliza ya jirani ni kubwa kiasi gani. Nikamwambia jirani ana uchawi. Akaniuliza kama huo uchawi unatumia dizeli. Wanawake wakacheka, na mimi damu ikanipanda kichwani. Na kila akimaliza, neno lake lilikuwa lile lile: "Mwenyewe unaonaje, ndugu?" Ningekuwa naona, wewe ungetumwa kufanya nini?

Kisha akanitaka nichukue debe la mahindi nipange foleni kama mteja. Jamani. Huku kwetu mwanamume hapeleki nafaka mashineni. Anaweza kujenga mashine, kuimiliki, kuipaka rangi, lakini kusimama na debe kichwani katikati ya akina mama, hapana. Ningeimbwa kwenye ngoma mpaka nizeeke. Nikamwambia arudi mjini akafundishe wanawe.

Hakuondoka. Alimgeukia mama mmoja mnene aliyekuwa amekalia debe lake, akamsalimu vizuri, akamwuliza kwa nini hasagi ilhali mashine inanguruma.

"Nifungue kinu mimi, niwe wa kwanza?" yule mama akasema. "Juzi nilifungua. Debe lilienda limejaa, likarudi limekonda. Mashine ya baba huyu imeshiba kuliko watoto wangu."

Ndipo likatoka lile ambalo kila mwanamke wa Samuye alikuwa analijua. Unga wa mtu wa kwanza haushuki wote. Mwingine unabaki ndani ya kinu, mwingine unaganda kwenye mfuko wa kitambaa, na anayefuata ndiye anayeusukuma na kuondoka nao. Kwa hiyo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Walikuwa wanategeana, na dizeli yangu inaungua.

"Na kwa jirani nani anafungua?" mshauri akauliza.

"Mwenyewe. Anatia mahindi yake kabla hatujafika."

Nikasema hilo ni jambo dogo, mke wangu angefungua kila siku. Mshauri akaniuliza mke wangu anasaga wapi. Hapa hapa, nikamjibu, angesaga wapi tena? Wanawake wote wakatazama chini. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kipeto cha chakula changu. Mshauri akamwuliza mwenyewe, kwa heshima.

"Nasaga kule ng'ambo," akasema mke wangu. "Hapa wenzangu wananisukuma nifungue, maana mashine ni yetu. Nikifungua unga unapungua. Ukipungua, nyumbani kuna maneno."

Ni kweli, unga wa nyumbani kwangu naupima kwa macho. Mtu aliyelala njaa Geita anajua kwa nini. Lakini mke wangu mwenyewe, kwa jirani!  Na yule bwana, akitafuna karanga: "Mwenyewe unaonaje, ndugu?"

Kesho yake alfajiri nilimwaga mahindi yangu kinuni kwa mkono wangu, mlango wazi, kila apitaye aone. Kabla ya wiki kwisha walikuwa wanagombania nafasi. Mnunuzi wa maksai nilimrudisha kwao. Unga ukipungua nyumbani, sasa nafumba macho, ingawa inaniuma.

Nawaambia wafanyabiashara wenzangu hadi leo: tafuteni mtu wa kuwauliza maswali, asiwe ndugu yenu wala mtu anayewaogopa. Atawakera. Mimi nilikereka mpaka nikaumwa kichwa, na bado ng'ombe wangu wako zizini.

Alipopita tena nikamsubiri anisifu. Alizunguka zizi, akawatazama maksai wamelala wanacheua, akaniuliza wakimaliza kulima shamba langu huwa wanafanya kazi gani. Nikamwambia wanapumzika, na yeye aende zake. Mke wangu alikuwa ameshamletea kigoda.