Pamba Iliyoshikana

Jana nilikuwa nakata kitunguu kilichoanza kuota mizizi, nikajikuta nimeweka kisu chini. Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa amenirudia akilini, wa ile sekondari ya Shinyanga, miaka ya sabini. Alikata ncha ya mzizi wa kitunguu, akaitia rangi, akatupanga foleni mbele ya hadubini moja tuliyokuwa nayo. Zamu yangu ilipofika nikaiona seli inagawanyika: kromosomu, vijiuzi vyekundu, nusu zinavutwa huku, nusu kule.

"Zisipoachana vizuri yai linapotengenezwa," alisema mwalimu, "mtoto huzaliwa na moja ya ziada." Akaeleza watoto hao walivyo, macho yao, ulimi wao, wanavyochelewa kutembea. Jamani, alikuwa anaeleza habari za mdogo wangu!

Nyumbani, bibi mzaa baba alishikilia kwamba mama alivunja mwiko ndiyo maana akamzaa mtoto yule. Jumapili wazee wangekaa kuamua kama mama arudishwe kwao Maganzo. Jumamosi nikaomba ruhusa ya kutoka bwenini, nikatembea mpaka miguu ikawa nyeupe kwa vumbi. Msomi wa kidato cha tatu naenda kumwokoa mama!

Niliwakuta bibi na mama uani wakichambua pamba, safi kikapu hiki, fifi, ile yenye madoa, kile, mdogo wangu akicheka kila nyuzi zikimwingia puani. Nikapiga magoti, nikaamkia, nikaokota vipande viwili.

"Tazama, bibi. Kimoja huku, kimoja kule. Siku nyingine vinashikana, vinaangukia kikapu kimoja. Mdogo wangu alipatikana hivyo. Hakuna mwiko."

Bibi alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Kisha akauliza, "Vilishikana kwa nani? Kwa mwanangu, au kwa huyu?"

Nilikuwa mwanafunzi hodari, nikajibu kama darasani. "Mara nyingi ni kwenye yai la mama."

"Haya," bibi akasema, akikung'uta khanga yake. "Hata shule imesema."

Mama hakuinua uso. Jumatatu aliondoka na mdogo wangu mgongoni, na mwaka uliofuata tukamzika mtoto yule huko Maganzo.

Bibi hayupo tena, wala mama, na shamba la pamba limejaa nyumba za watu. Mama hakunilaumu hata siku moja, na hilo linanitesa zaidi. Maana mwalimu alikuwa ameongeza jambo: kwamba mama wa mtoto kama huyo hafanyi lolote la kusababisha hali hiyo. Nililikumbuka siku ileile, njiani kwenda shuleni, nikiwa bado naliona paa la nyumba yetu. Sikurudi. Niliogopa kuchelewa kuitwa majina ya jioni.