Mke wa Beta

Mpaka leo mtu akiniambia "wataelewana tu", damu inanichemka. Nimeshasikia maneno hayo mara nyingi, na kila mara anayeyasema ni mtu ambaye hatakuwa mle ndani mlango ukifungwa.

Nilikuwa karani katika duka la vioo mjini. Tajiri wangu, Mhindi mmoja aliyependa samaki kuliko wateja, ndiye aliyenipa beta wangu, samaki mdogo wa kupigana, pamoja na tangi la kioo lililokuwa na ufa pembeni. Alikuwa dume wa bluu iliyokolea, mwenye mkia mrefu. Tajiri alinikalisha chini akanieleza vizuri: huyu hakai na dume mwenzake, hakai na jike, wala hakai na samaki yeyote mwenye mkia wa madoido, maana atamwona ni mshindani. Ukitaka kumpa wenzake, tafuta wadogo wa rangi iliyofifia, wanaojikalia chini na wasiopenda kudonoa wengine. Tena weka majani mengi, ili kila mmoja awe na mahali pa kujificha.

Nikalibeba tangi hadi Kaloleni, nikaliweka juu ya kabati sebuleni. Kwetu kulikuwa na vyumba viwili, vilevile alivyopanga baba zamani, na kwa majirani zetu vyumba kama hivyo vililaza watu kumi, binamu akitoka nyumbani Ukambani kutafuta kazi, shemeji akija hospitali. Samaki mmoja kukaa peke yake katika maji yote yale kuliwaudhi watu. Wanawake walikuwa wananisimamisha kwenye bomba la mtaa. "Wewe unamwonea huyo samaki," waliniambia. "Mtafutie wenzake."

Basi nilimtafutia, na nilijifunza. Visamaki vya mtaroni vyenye mikia ya rangi aliviraruararua hata kabla sijamaliza kunywa chai. Majike ya visamaki hivyo hivyo, ya kijivu na yasiyo na mapambo, aliyaacha yapite. Konokono alimtazama, akapanua mashavu, akamzunguka, mwishowe akamzoea. Jirani aliniletea kambare mchanga kutoka mtoni, mpole kweli, lakini nilimrudisha mwenyewe, maana kambare akikua angemmeza beta na konokono wake. Nilikuwa nimefika mahali pazuri. Tangi lilitulia, na mimi jioni nikitoka kazini nilikuwa na kitu cha kutazama ambacho hakikuniomba chochote.

Halafu mdogo wangu akakimbilia kwangu. Alikuja na nguo alizovaa tu, mdomo umepasuka na jicho limefunga. Mume wake alikuwa dereva wa lori, na kila akirudi safari alimpiga. Safari hii alimpigia chumvi iliyozidi kwenye mboga. Nilimpa kitanda changu, nikalala kwenye mkeka.

Kwa desturi yetu mambo kama hayo yana kikao. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo dada yake, shangazi yetu, ndiye aliyeshika usukani. Alifika kutoka nyumbani siku ya Alhamisi na vikapu vya mbaazi na maembe. Kabla hata hajamuuliza mdogo wangu jicho lina nini, alisimama mbele ya kabati.

"Huyu mbona hana mke?"

"Hivyo ndivyo anavyoishi, shangazi. Akiletewa jike ataliumiza."

"Mwanamume hakai hivi. Ndiyo maana ana hasira."

Nilicheka. Nilidhani mazungumzo yamekwisha.

Jumamosi nilifanya kazi nusu siku. Niliporudi nilikuta sebule imejaa. Shangazi alikuwa kwenye kiti cha baba, baba mdogo kando yake, na mume wa mdogo wangu kwenye kochi langu, amenyoa, amevaa shati safi, anakula chapati zangu. Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na mlango wa jikoni. Na ndani ya tangi mlikuwa na samaki mgeni, mwembamba, wa rangi ya maji ya chai.

Shangazi alikuwa amemburuta baba mdogo mpaka mjini, kwa yule muuza kasuku na samaki, akamwambia ampe mke wa yule wa bluu mwenye mkia mrefu. Haji kwa mtu mikono mitupu, alisema. Ile ilikuwa zawadi yangu. Niambie, zawadi ya mgeni unaitoa vipi mbele ya wageni wote? Hata hivyo niliinuka na kikombe nimtoe.

"Kaa chini," shangazi akasema. "Ni ugeni tu huo. Wataelewana."

Nikakaa, kikao kikaanza. Baba mdogo aliomba, kisha akaongea kirefu juu ya subira. Mume akasema ni shetani na uchovu wa barabara, na kwamba mwanamke naye ana mdomo. Shangazi akamwambia mdogo wangu arudi, apike vizuri, asijibu mtu aliyetoka safari, na awafikirie watoto, ambao huyo bwana alikuwa amewaacha kwa mama yake makusudi. Hakuna aliyemuuliza mdogo wangu anataka nini.

Nyuma ya shangazi, beta alikuwa kazini. Alimfukuza jike huku na huku, akamfuata ndani ya majani, akamtoa nje. Mkia wa yule jike ulikuwa umebaki miiba mitupu, na magamba yalikuwa yanaelea. Mwishowe akaruka, akagonga kioo, maji yakamrukia shangazi shingoni.

Aligeuka, akaona. "Anamuua! Mtoeni!"

Ungewaona. Baba mdogo alikunja mkono wa koti akauzamisha majini. Shangazi akaita sufuria. Hata yule dereva aliweka chapati yake chini, akashika tangi lisianguke, akasema maskini wa Mungu. Walimtoa jike, wakamweka kwenye sufuria peke yake, wakamfunika ungo ili asiruke, na shangazi akatikisa kichwa kwa huruma kabisa. Kisha wakafuta mikono. Wakakaa. Baba mdogo akakohoa, akasema, "Tulikuwa tumefika pa huyu kurudi na mumewe."

Hapo mdogo wangu akasema, polepole, "Na mimi?"

Shangazi akamwambia, "Wewe si samaki."

Niliinuka nikasimama mlangoni. Nilisema mambo ambayo mtoto wa mtu haambii wazee wake, na sirudishi hata neno moja. Nilisema nyumba hii ni yangu, kodi nailipa mimi, na huyu hatoki. Nilimwambia yule dereva awalete watoto au nitawafuata na polisi. Alimtazama baba mdogo, baba mdogo akatazama viatu vyake. Nikafungua mlango, wanaume wakapita mmoja mmoja bila kuaga.

Shangazi alibaki nyuma. Nilidhani atanilaani. Alivuta kikapu chake, akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini ili mdogo wangu asisikie:

"Unafikiri mimi sikukimbia? Nilikuja hapa hapa, chumba hiki hiki, wewe ukiwa mgongoni mwa mama yako. Baba yako ndiye aliyenishika mkono akanirudisha."

Baba yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Basi ulijua," nikamwambia. "Ulijua vizuri, na bado umekuja kumchukua."

Alitoka, na hakukanyaga kwangu tena mpaka alipozikwa. Mdogo wangu alikaa nami, watoto wakaja, tukabanana. Lakini kiti kile cha baba nilimpa jirani wiki ileile, na hilo ndilo sijamsamehe shangazi: hasira yangu yote ilikuwa yake, akanifanya nimgawie na marehemu baba.