Ndevu Zangu na Vidonge Visivyopatikana

Mke wangu ndiye aliyeliona kwanza. Tulikuwa tunakunywa chai ya asubuhi, akaacha kutafuna, akanishika kidevu na kukigeuza huku na huku kama anakagua papai sokoni.

"Hapa pamenyonyoka," alisema. "Duara kabisa, kama shilingi."

Nilimwambia labda nimejikwaruza kwenye cherehani. Mimi ni fundi cherehani hapa Kilwa Masoko, na cherehani yangu naisingizia mambo mengi. Lakini haukupita muda duara lile likapata wenzake. Yakawa yanawasha na kutoa magamba, nami nikawa napima suruali za watu kwa mkono mmoja, wa pili uko kidevuni unakuna.

Ndevu zenyewe hazikuwa za mchezo. Nilikuwa nazo tangu kabla sijaoa, nyingi, nyeusi, zimeshuka hadi kifungo cha kwanza cha shati. Kwa sababu ya ndevu hizo vijana walinipa shikamoo kabla umri wangu haujaistahili, na msikitini watu walinipisha hata siku nilizochelewa. Mke wangu hakuwahi kuuona uso wangu bila ndevu. Alinikuta nazo, akanikubali nazo.

Nilianza na dawa ya kupaka. Nilipaka mpaka mto ukanuka kama duka la dawa. Jirani akanishauri kitunguu saumu. Kikanichoma hadi machozi yakanitoka, na maduara yakabaki pale pale. Ndipo nikaenda hospitali.

Daktari alikuwa dada mmoja mpole, asiyecheka ovyo. Alinitazama, akakwangua magamba kidogo ya kupeleka maabara, kisha akaniuliza kama nyumbani tuna mnyama. Nikasema binti yetu ana paka. Ndiyo, huwa nampakata jioni. Na ndiyo, sasa nikikumbuka, huyo paka ana kipara nyuma ya sikio.

"Basi mmegawana," alisema.

Akanieleza kwamba fangasi wakishaingia kwenye mashina ya nywele, dawa ya kupaka peke yake haiwafikii. Nilitakiwa nimeze vidonge vya griseofulvin, kila siku, kwa wiki kadhaa, bila kukatisha. Akaniandikia cheti.

Kwenye dirisha la dawa nikaambiwa, "Hiyo haipo, kaka. Imeagizwa, bado haijaja." Duka la dawa la kwanza mjini, haipo. La pili, muuzaji akaniomba nilitaje tena lile jina, nikalitaja kwa taabu. Akamwita mwenzake kutoka ndani, nikalitaja tena. Wakanisikiliza wote wawili kwa makini, halafu wakasema haipo. Nadhani walipenda tu kunisikia.

Nikarudi kwa daktari.

"Wakati tunaendelea kutafuta, nyoa ndevu," alisema. "Dawa ya kupaka itafika vizuri zaidi, na hutawaambukiza wengine. Ila usiende kwa kinyozi. Tumia vifaa vyako mwenyewe."

"Ninyoe zote?"

"Zote."

Jioni hiyo bwana mifugo alikuja kumtibu paka. Dawa ya paka ilikuwepo, chupa nzima. Nikaikodolea macho mpaka mke wangu akanisoma mawazo.

"Hata usithubutu," alisema.

Kesho yake akaninyoa uani. Si kwa mkasi wangu wa kitambaa, maana huo haugusi nywele hata za rais, bali kwa mkasi wa jikoni na wembe mpya. Alipomaliza akarudi nyuma hatua mbili, akanitazama, akaketi juu ya ndoo na kuanza kucheka.

"Kumbe hiki kidevu ni cha shangazi yako wa Tingi!"

Binti yetu aliporudi kutoka shuleni alinipa shikamoo ya heshima kama anavyowapa wageni, akaingia ndani. Nikamsikia akimnong'oneza mama yake, "Baba ameenda wapi?"

Kesho yake asubuhi, njiani kuelekea dukani kwangu, vijana wale wale wa shikamoo wakanipungia mkono. "Oya, niaje!"

Sijakaa sawa kwenye kiti, akaingia mama mmoja mteja wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Fundi yuko wapi?"

Nilitaka kusema ni mimi. Ulimi ukasema, "Ametoka."

"Amenikimbia! Gauni langu la harusi ya mwanangu kila nikija ananiambia Ijumaa, na hiyo Ijumaa hasemi ni ya mwezi gani. Nilimwamini kwa zile ndevu. Nikasema mtu mwenye ndevu vile lazima anamwogopa Mungu."

"Kweli mama, ana tabia hiyo," nilisema.

"Wewe ni mdogo wake? Unaonekana mkweli. Lishone wewe."

Nilishona siku nzima bila kuinua kichwa. Alipolijia kesho yake akalijaribu, akajizungusha mbele ya kioo, akasema nimemzidi kaka yangu kwa mbali, yule asirudi tena hata kazini. Nikashindwa kujizuia, nikacheka. Mama akaganda.

"Hicho kicheko!"

Akanichapa na mkoba begani, akanichapa tena, halafu akashika kidevu changu na kukitazama, akasema pole sana mwanangu, umepatwa na nini.

Wakati huo huo shemeji yangu, mdogo wake mke wangu anayeishi Rasbura, Lindi, alikuwa anatusaidia kutafuta dawa huko. Akapiga simu kwa shangwe: "Shemeji, nimepata! Nimeipandisha kwenye basi."

Nikaenda stendi kuupokea mzigo, nikarudi nao nyumbani juu ya bodaboda kama nimebeba mayai. Vidonge vilikuwa vikubwa, vimechongoka, na ndani ya pakiti mna kijiti cha plastiki. Mke wangu akafungua karatasi ya maelezo, akasoma, akanipa nisome mwenyewe. Vilikuwa vidonge vya kina mama, na havimezwi.

Akampigia mdogo wake. "Uliomba nini dukani?"

"Vidonge vya fangasi. Si ndivyo shemeji alivyosema?"

"Vya ndevu! Fangasi wa ndevu!"

Nikasikia kicheko kutoka Lindi, na cha mke wangu kikajibu, wakachekeana hadi salio likaisha. Mimi niliona haya kumtajia shemeji sehemu inayoumwa, na haya hiyo ndiyo iliyoniletea kile kijiti.

Vile vidonge vya kwenye cheti havikupatikana kabisa. Mwishowe daktari akanipima damu, akanibadilishia dawa ya aina nyingine, na safari hii tulimtumia shemeji picha ya cheti. Akaipata siku hiyo hiyo. Nikameza kila siku bila kuruka, mpaka daktari aliponikagua na kuniambia sasa inatosha.

Ndevu zilikuwa zimeanza kuota. Lakini shemeji alikuwa anakuja kula Idi kwetu, na mke wangu akasema mtu aliyezunguka maduka yote ya Lindi ana haki ya kukiona kidevu chenyewe. Nikanyoa tena, kwa hiari yangu.

Shemeji akaingia, akavua viatu, akanikagua kutoka shavu hili hadi lile.

"Kwa hiyo," alisema, "hiki ndicho nilichokuwa nakihangaikia?"