Magurudumu ya Ndara

Kila nikifungua gundi kubandika magurudumu ya gari dogo la mfano la mashindano, hapa mezani kwangu mtaani Jamhuri, harufu yake inanirudisha kwenye veranda yetu ya utotoni kule Waithaka.

Mimi na dadangu tulikuwa tunaunda gari kama yale ya kwenye televisheni, yanayoshindana kwenye barabara iliyonyooka: pua ndefu, magurudumu madogo mbele, makubwa nyuma. Bodi tulikata kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Magurudumu makubwa yalitaka raba nene, na raba nene nyumbani ilikuwa ndara za baba pekee. Baba alikuwa amelazwa hospitali wiki ya tatu.

"Atanunuliwa zingine," dada akasema.

Tukazikata, tukabandika.

Siku hiyo hiyo mchana baba akaletwa nyumbani. Miguu yake ilikuwa imevimba, haiingii kiatu chochote.

"Leta ndara za baba yako," mama akaniambia.

Nilizikuta chini ya meza, zimejaa matundu. Nikajaribu kung'oa magurudumu niyarudishe mahali pake. Gundi haikuachia.

Baba alikuja mwenyewe, miguu mitupu kwenye saruji baridi, ameshikilia ukuta. Akaziangalia ndara, kisha akaliangalia gari.

"Inaenda?"

Dada akalisukuma. Likanyooka mpaka kwenye geti bila kupinda.

"Hebu irudishe tena, nione."

Nililirudisha mara nyingi mchana ule, na kila nilipoinama kuliweka chini, miguu yake ilikuwa mbele ya macho yangu.